Chokoleti ya Maziwa: Maji, Mafuta na Ulimi

Mwalimu wa kemia anapotaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba maji na mafuta hayapatani, aghalabu huchukua chupa, akatia maji nusu na mafuta ya kula nusu, akaitikisa kwa nguvu, kisha akaiweka mezani. Haupiti muda mrefu kabla ya mafuta kuelea juu na maji kubaki chini. Somo hilo ni fupi, na wanafunzi hulisahau upesi. Makala haya yanakusudia kulieleza somo hilohilo kwa njia nyingine, yaani kwa kisa cha chakula ambacho wengi wetu tumekionja, wengine mara moja tu siku ya sikukuu: chokoleti ya maziwa. Binadamu alijua kunywa kakao kwa maelfu ya miaka, na alijua kukamua ng'ombe kwa maelfu ya miaka vilevile. Hata hivyo, vitu hivyo viwili havikukutana katika kipande kigumu kinachoweza kukaa dukani bila kuoza mpaka robo ya mwisho ya karne ya 19. Kilichovizuia ni maji.

MBEGU ISIYONUKIA

Mkakao ulipewa jina lake la kisayansi, Theobroma cacao, na Linnaeus mwaka 1753. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, na maana yake ni chakula cha miungu. Asili ya mti huu ni misitu ya mvua ya bonde la juu la mto Amazon. Uchunguzi wa vyombo vya kale vilivyofukuliwa mahali paitwapo Santa Ana-La Florida, nchini Ecuador, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watu wa huko walitumia kakao miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Baadaye Wamaya na Waazteki wa Mexico na Amerika ya Kati waliifanya kakao kuwa kinywaji cha heshima. Walizikaanga mbegu, wakazisaga juu ya jiwe, wakazichanganya na maji, pilipili na viungo vingine, kisha wakakimimina kinywaji hicho kutoka juu ili kipate povu. Hawakutia maziwa, kwani ng'ombe hawakuwako katika bara lile. Wala hawakutia sukari, kwani miwa ilikuwa haijafika. Ng'ombe na miwa vilipelekwa huko na Wahispania, nao Wahispania ndio walioileta kakao Ulaya.

Mkakao una mambo yake ya ajabu. Maua yake madogo hayaoti kwenye ncha za matawi kama maua ya mwembe, bali hutokeza moja kwa moja juu ya gome la shina na la matawi makubwa. Wachavushaji wake wakuu ni wadudu wadogo mno, jamaa ya visubi. Tunda lake hufanana kidogo na papai lenye mifereji, na ndani yake mna mbegu kati ya 30 na 40 zilizofunikwa kwa nyama nyeupe, laini, yenye utamu na uchachu. Msomaji aliyefika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, atakuwa ameuona mti huu, kwani huko hulimwa kwa wingi, na wengi huuita kokoa. Hulimwa pia Bundibugyo nchini Uganda, na upande wa Beni huko Kongo. Watoto wa sehemu hizo hunyonya ile nyama nyeupe na kuitema mbegu. Nao wana haki ya kuitema, kwa sababu mbegu mbichi ya kakao ni chungu, hukausha ulimi, na haina hata chembe ya harufu ya chokoleti.

Basi harufu hiyo hutoka wapi? Chanzo chake ni kazi ya mkulima. Mbegu zikishatolewa katika tunda hurundikwa katika masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, zikaachwa zichachuke kwa muda wa siku tano hadi saba. Kwanza hamira za asili huila sukari iliyomo katika ile nyama nyeupe na kuigeuza kuwa alkoholi. Kisha, rundo linapogeuzwa na hewa kuingia, bakteria wa aina nyingine huigeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa ni jambo lilelile linalotokea tembo la mnazi linapokaa likageuka siki. Kazi hiyo ya bakteria hutoa joto, hata ndani ya rundo halijoto hukaribia nyuzi 50 za Sentigredi. Joto na asidi huua kiinitete cha mbegu, kuta za seli hupasuka, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa huanza kuvunjavunja protini kuwa asidi za amino, na sukari kuwa glukosi na fruktosi. Mbegu zikikaangwa baadaye kiwandani, asidi za amino na sukari hizo huungana na kutoa mamia ya kemikali zenye harufu. Mmenyuko huo hujulikana kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912, nao ndio unaoupa ukoko wa mkate na nyama ya kuchoma harufu zao. Mbegu isiyochachushwa, hata ikikaangwa kwa ustadi wa namna gani, haitanukia chokoleti.

Baada ya kuchachuka, mbegu huanikwa juani mpaka maji yaliyobaki ndani yake yawe kiasi cha asilimia 7 au 8. Hapa tunakutana na adui wetu kwa mara ya kwanza. Mkulima akizifunga mbegu katika magunia zikiwa bado na unyevu, huota ukungu, na ladha ya ukungu haiondoki tena kwa kukaanga wala kwa kutia sukari. Hivyo mapato ya msimu mzima yamo katika siku chache za kuanika, tena Kyela ni wilaya yenye mvua nyingi.

KUTOKA KIKOMBENI HADI MKONONI

Kwa karne tatu hivi Ulaya ilijua kakao kama kinywaji tu. Maziwa yalianza kutiwa humo mapema. Daktari Hans Sloane, ambaye mkusanyo wake wa vitu ulikuwa msingi wa makumbusho makubwa ya London, alikaa Jamaica kuanzia mwaka 1687 hadi 1689, na katika karne iliyofuata wafanyabiashara wa London walitumia jina lake kuuza kakao ya kupikwa kwa maziwa. Lakini hiyo ilipikwa na kunywewa papo hapo. Aliyetaka maziwa alikwenda zizini, si dukani.

Kiini cha mbegu ya kakao ni mafuta kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Kikisagwa hakitoi unga mkavu, bali rojo zito jeusi. Na mtu akilikoroga rojo hilo katika maji, mafuta huelea juu kama katika ile chupa ya mwalimu. Mwaka 1828 kiwanda cha van Houten mjini Amsterdam kilipata hataza ya shinikizo la kukamulia mafuta hayo, ukabaki unga unaokorogeka kwa urahisi. Kusudi lilikuwa kupata kinywaji chepesi, lakini faida kubwa zaidi ilitoka kwenye kile kilichoonekana kuwa salio, yaani mafuta ya kakao yaliyokamuliwa. Mwaka 1847 kiwanda cha Fry mjini Bristol, Uingereza, kilichukua unga wa kakao na sukari, na badala ya kuvikanda kwa maji ya moto, kikavikanda kwa mafuta ya kakao yaliyoyeyushwa. Rojo lililopatikana liliweza kumiminwa katika kalibu, nalo likipoa likawa gumu. Hicho kilikuwa kipande cha chokoleti ya kula. Kilikuwa cheusi, kichungu na chenye kukwaruza ulimi, lakini kanuni ilikuwa imepatikana: chokoleti ni chembe kavu zilizotawanyika ndani ya mafuta.

Tuisisitize kanuni hiyo, maana ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata. Chokoleti ngumu si myeyusho. Sukari haikuyeyuka ndani yake, kwa sababu sukari haiyeyuki katika mafuta. Kila chembe ya sukari imebaki chembe, imezungukwa na tabaka la mafuta linaloiwezesha kuteleza juu ya jirani yake. Tone dogo la maji likiingia katika rojo hilo, huenda moja kwa moja kwenye sukari, likazilowesha chembe juu juu na kuzifanya zinate. Kwa muda mfupi rojo laini linalometameta hugeuka donge gumu kama udongo wa mfinyanzi.

MTENGENEZA MISHUMAA WA VEVEY

Sasa fikiria taabu ya mtu anayetaka kutia maziwa humo. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Mafuta yake ni asilimia 4 au pungufu kidogo, protini kiasi cha asilimia 3, na sukari ya maziwa karibu asilimia 5. Kuyamimina maziwa katika chokoleti ni sawa na kuyamimina maji.

Mtu aliyejitwika taabu hiyo aliitwa Daniel Peter, aliyezaliwa mwaka 1836 huko Moudon, Uswisi. Hakuwa mwanakemia. Kazi yake ya kwanza, katika mji mdogo wa Vevey kando ya Ziwa Geneva, ilikuwa kutengeneza mishumaa. Taa za mafuta ya taa zilipoenea, biashara ya mishumaa ilififia. Mwaka 1863 Peter alimwoa Fanny Cailler, binti wa François-Louis Cailler, aliyekuwa amefungua kiwanda cha chokoleti karibu na Vevey mwaka 1819. Kwa njia hiyo kijana wa mishumaa aliingia katika biashara ya chokoleti, na mwaka 1867 akaanzisha kampuni yake. Si vigumu kuona kwamba kazi ya kwanza ilimfaa katika ya pili: mtu anayetengeneza mishumaa anayajua mafuta, anajua yanavyoyeyuka, yanavyoganda na yanavyotoka katika kalibu.

Tatizo la Peter lilikuwa kwamba viwanda vya chokoleti vilikuwa vingi, na chokoleti ya Vevey haikuwa na tofauti na ya mahali pengine. Kilichokuwa kingi Vevey kuliko mahali pengi kilikuwa maziwa, kwani malisho ya milimani yalikuwa karibu. Peter akaona kwamba kama angeweza kuviunganisha vitu hivyo viwili, angekuwa na bidhaa isiyopatikana kwingine.

Ugumu ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza tumekwisha kuueleza: maji yaligandisha rojo. Wa pili ulijificha na kujitokeza baadaye. Hata mchanganyiko ulioonekana kukubali, kama umebakiwa na unyevu kidogo, uliharibika baada ya siku au wiki kadhaa. Vijidudu havihitaji maji mengi ili viishi, na mafuta ya maziwa yakivunjwa hutoa asidi zenye harufu ya jibini iliyooza. Chokoleti inayonuka jibini hainunuliwi mara ya pili.

Njia ya kutokea ilikuwa kuyaondoa maji katika maziwa kabla hayajakutana na kakao. Wakati huo ufundi wa kuyapunguza maziwa ulikuwa mpya. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya maziwa mazito ya kopo mwaka 1856, na mwaka 1866 kiwanda cha kwanza cha namna hiyo katika Ulaya kilifunguliwa Cham, Uswisi. Vevey kwenyewe aliishi Henri Nestlé, mtaalamu wa dawa aliyeanza mwaka 1867 kuuza unga wa maziwa na ngano kwa ajili ya watoto wachanga. Vitabu vingi husimulia kwamba Peter alipewa maziwa mazito na jirani yake huyo, na mambo yakaisha. Simulizi hiyo ni nzuri mno kuaminiwa yote. Kampuni ya Nestlé yenyewe haikuanza kutengeneza maziwa mazito hadi mwaka 1878, na hapo Peter alikuwa amekwisha kufaulu kwa mara ya kwanza. Lililo wazi ni kwamba alizungukwa na watu waliokuwa wakipambana na maji ya maziwa kila siku, naye alijifunza kwao.

Mwaka 1875, baada ya majaribio ya miaka mingi, alipata unga wa chokoleti na maziwa wa kutengenezea kinywaji. Kipande kigumu cha kula kilimchukua miaka mingine. Maziwa yaliyopunguzwa maji yalikandwa pamoja na kakao na sukari, mchanganyiko ukakaushwa polepole kwa moto mdogo mpaka ukawa mkavu kabisa, ukasagwa, na hapo tu ndipo mafuta ya kakao yakatiwa. Kufikia mwaka 1887 alikuwa akiuza kipande alichokiita Gala Peter. Gala ni neno la Kigiriki lenye maana ya maziwa. Peter alifariki mwaka 1919. Kampuni yake ilikuwa imekwisha kuungana na ya Kohler, na kisha na ya Cailler, ukoo wa mkewe. Na mwaka 1929 zote zikaingia chini ya Nestlé.

Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu hapa. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, chokoleti ya maziwa hupaswa kuwa na angalau asilimia 25 ya yabisi ya kakao na asilimia 14 ya yabisi ya maziwa. (Marekani huridhika na asilimia 10 na 12, ijapokuwa namna yao ya kuhesabu kakao si ileile.) Lita moja ya maziwa, yakiondolewa maji yote, huacha yabisi gramu 130 hivi. Kwa hiyo kipande cha gramu 100 chenye gramu 14 za yabisi kimemeza kiasi cha mililita 108 za maziwa, yaani kikombe kidogo cha chai, na karibu mililita zote hizo zimekwenda hewani kama mvuke.

MASHINE YA BERN

Chokoleti ya Peter ilikuwa tamu, lakini bado ilikuwa na chembechembe. Dawa yake ilipatikana katika mji mwingine wa Uswisi, Bern, ambako mwaka 1879 Rodolphe Lindt alitumia kinu kirefu chenye umbo la kombe, ambamo gurudumu la jiwe lilikwenda mbele na nyuma likilikoroga rojo la moto kwa saa nyingi mfululizo, pengine siku tatu. Husimuliwa kwamba aliisahau mashine ikiendelea kwenda tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Hekaya za namna hii zinapendwa sana na wauzaji. Matokeo yake lakini si hekaya. Mwendo huo na joto lake hufukuza unyevu wa mwisho, hufukuza pia ile siki iliyobaki tangu siku za kuchachusha, na huzivika chembe zote koti la mafuta. Siku hizi chembe husagwa mpaka ziwe ndogo kuliko mikrometa 30, yaani sehemu 30 za elfu za milimita, kwa sababu ulimi hutambua mchanga wowote unaozidi hapo.

KWA NINI HUYEYUKA KINYWANI

Tumefika kwenye raha yenyewe. Mafuta mengi tunayokula ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi, kila moja likiyeyuka kwa halijoto yake, ndiyo maana hulainika polepole bila mpaka ulio wazi. Mafuta ya kakao ni tofauti. Karibu yote yamejengwa kwa asidi tatu tu za mafuta, yaani ya palmitiki, ya steariki na ya oleiki, zilizopangwa kwa namna chache. Kwa ajili hiyo huwa magumu na yenye kuvunjika katika nyuzi 20, na majimaji kabisa karibu na nyuzi 34. Kinywa cha mtu kina nyuzi 36 au 37. Ni nafasi ndogo mno, na raha yote ya chokoleti imo ndani ya nafasi hiyo.

Linganisha na mafuta tuyajuayo. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 24, ndiyo sababu Dar es Salaam huganda katika chupa asubuhi za Julai na huwa maji mwezi Februari. Kipande kilichotengenezwa kwa mafuta hayo kingeyeyuka mfukoni. Mafuta ya ng'ombe, kinyume chake, huhitaji joto linalozidi nyuzi 40, na kila aliyekunywa mchuzi wa nyama uliopoa anajua yanavyoganda kwenye kaakaa. Mafuta ya kakao yako katikati: hukaa mkononi, na kinywani huachilia. Tena kitu kinapoyeyuka hunyonya joto la mahali kilipo, kwa hiyo ulimi huhisi ubaridi kidogo kabla ya utamu. Chembe za sukari zilizokuwa zimefungwa katika mafuta hukutana na mate, na hatimaye, baada ya safari yote ya kuyakimbia maji, huyeyuka.

Mafuta ya maziwa hubadili mambo. Yakiingia kati ya mafuta ya kakao huzuia fuwele zisijipange kwa ukamilifu, na kipande huwa laini zaidi kuliko cha chokoleti nyeusi na huanza kulegea mapema zaidi. Protini za maziwa nazo hupunguza makali ya uchungu.

Liko jambo moja zaidi linalofaa sana kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Mafuta yaleyale ya kakao yanaweza kuganda katika fuwele za namna sita. Wille na Lutton walizieleza mwaka 1966. Namna ya kwanza huyeyuka karibu na nyuzi 17, na ya mwisho kwenye nyuzi 36. Inayotakiwa ni ya tano, inayoyeyuka karibu na nyuzi 34, kwani ndiyo inayong'aa, inayovunjika kwa mlio, na inayojivuta kidogo ikatoka katika kalibu bila kung'ang'ania. Rojo likiachwa lipoe ovyo, fuwele za namna nyingine hujipenyeza. Kwa hiyo fundi huyeyusha chokoleti yote kufikia nyuzi 45, huipoza hadi 27 hivi, kisha huipasha tena kidogo, nyuzi 29 au 30 kwa ya maziwa, ili fuwele dhaifu ziyeyuke na zile imara zibaki kama mbegu za kuongoza nyingine.

LADHA ZA NCHI MBALIMBALI

Biashara ilipokua, kila nchi ilishika njia yake ya kuyashinda maji, na kila njia iliacha alama katika ladha. Waswisi walielekea kwenye maziwa ya unga, ambayo hutoa ladha karibu na ya maziwa mabichi. Waingereza walipenda kuyachemsha maziwa pamoja na sukari, kuyachanganya na rojo la kakao na kuukausha mchanganyiko katika ombwe. Joto huanzisha ule mmenyuko wa Maillard, na chokoleti hupata ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Cadbury walianza kuuza Dairy Milk mwaka 1905. Huko Marekani, Milton Hershey, aliyenunua mashine za Kijerumani kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, alianza kuuza kipande chake cha chokoleti ya maziwa mwaka 1900. Chokoleti yake ina uchachu ambao wanakemia wengi huuhusisha na asidi ya butiriki, inayotokana na kuvunjika kidogo kwa mafuta ya maziwa. Mswisi huikunjia uso, ilhali Mmarekani aliyekua nayo huona nyingine zimepooza. Hakuna la kushangaza: miongoni mwetu wako wanaosema maziwa ni mgando, na wako wasiotaka hata kuunusa.

Kukua huko kulihitaji kakao nyingi kuliko zilizoweza kutoka Amerika, na mzigo ukaangukia Afrika Magharibi. Katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Wareno, kakao ililimwa na watu waliochukuliwa Angola kwa mikataba ambayo kwa kweli ilikuwa utumwa. Mwandishi Henry Nevinson alifichua mambo hayo baada ya safari yake ya mwaka 1904 na 1905, lakini Cadbury na wenzao wa Uingereza hawakuacha kununua huko mpaka mwaka 1909. Kwenye pwani ya Ghana ya leo mambo yalikwenda vingine. Mhunzi Tetteh Quarshie alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 akiwa na mbegu, akazipanda Mampong. Wakulima wadogo wakazieneza wenyewe, na mwaka 1911 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao nje. Leo Côte d'Ivoire na Ghana pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mwaka 2001 wenye viwanda walitia sahihi ahadi ya kukomesha ajira mbaya za watoto mashambani. Ahadi hiyo haijatimia. Wengi wanaoanika mbegu hizo hawajapata kula chokoleti ya maziwa kila wiki, wala kila mwezi.

DARASANI

Kipande kimoja cha gramu 100 chatosha darasa zima. Kivunjeni, na nusu yake iyeyushwe katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, kwa uangalifu mvuke usiingie. Gawanyeni rojo katika visahani viwili. Katika cha kwanza tieni matone machache ya maji, mkoroge, na mtazame rojo linavyogoma. Kisha endeleeni kutia maji, kijiko baada ya kijiko. Wanafunzi watatazamia kwamba litazidi kuwa gumu, lakini likishapata maji ya kutosha kuyeyusha sukari yote, donge huachia na kuwa mchuzi laini. Waulizwe ni kwa nini tone liliharibu na kikombe kikatengeneza. Kisahani cha pili kiachwe kipoe mezani chenyewe mpaka kesho, kisha kilinganishwe na vipande ambavyo havikuyeyushwa: mng'ao, mlio wa kuvunjika, na muda wa kuyeyuka juu ya ulimi.

Vipande vilivyobaki viliwe hivi: kila mwanafunzi azibe pua, aweke kipande kinywani, ahesabu hadi kumi, ndipo aachie pua. Kabla ya kuachia ataonja utamu na uchungu kidogo tu. Harufu ya chokoleti itakuja mara moja, kama mlango uliofunguliwa. Anayesumbuliwa na tumbo kwa ajili ya maziwa asilazimishwe, na watu wazima wa namna hiyo si wachache katika bara letu. Wala mbwa asipewe mabaki, kwani theobromini iliyomo katika kakao hukaa mwilini mwake muda mrefu na huweza kumwua. Kwa mtu theobromini haina neno, ila nusu ya uzito wa kipande hicho ni sukari, na meno hayajali kama jaribio ni la kisayansi.

Mwandishi alipata kuona mwanafunzi akitupa kipande kizima kwa sababu kilikuwa na utando mweupe, akidhani ni ukungu. Haukuwa ukungu. Kipande kilicholainika kwa joto la mchana na kuganda tena usiku hupoteza fuwele za namna ya tano, na mafuta hupanda juu yakaganda kama vumbi. Ukipitisha kidole chenye joto, utando huo hutoweka. Utando wa namna ya pili hukwaruza kidogo na hauondoki kwa kidole. Huo ni sukari. Hutokea chokoleti inapotolewa katika jokofu na kuwekwa wazi katika hewa yenye unyevu ya pwani: maji hutonea juu yake kama yanavyotonea juu ya chupa ya soda, huyeyusha sukari ya juu, na yakikauka huacha fuwele. Vyote viwili vyaweza kuliwa bila hofu. Anayetaka kuviepuka akifungie kipande katika mkebe usiopitisha hewa kabla ya kukitia jokofuni, na siku ya kukila autoe mkebe saa moja mapema, asiufungue mpaka uwe na joto la chumba.